Mafuta ya mitishamba ya Kihindi: yanatuliza kweli ngozi inayowasha, au ni harufu tu?

Ikifika Juni, maswali yanayotua kwenye meza yangu hubadilika. Miezi mingine mnaniuliza mambo ya waume, mawifi na michango ya harusi. Lakini kipupwe kikianza Dar, na kule Njombe, Makete na Arusha watu wakianza kuvaa masweta mawili mawili, basi ni ngozi, ngozi, ngozi! Miguu imepauka, mikono imekuwa kama msasa, magaga yanachana shuka, na usiku mtu anajikuna mpaka anatoka damu. Na siku hizi swali linakuja na jina lake kabisa: yale mafuta ya Kihindi ya mitishamba, je, yanasaidia?

Unayajua ninayoyasema. Chupa ndogo, mafuta ya rangi ya njano iliyokolea au ya kahawia, harufu inayofanana na jikoni la pilau lililochanganyika na duka la udi. Yapo kwenye maduka ya Kihindi ya Kisutu na Upanga, Mombasa yapo, Nairobi yapo, na kuna madada wanaoyauza mkononi ofisini kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Wengine wanayasifia mpaka unajiuliza kama wamelipwa. Wengine wanasema walipaka mara moja tu wakatoka vipele mwili mzima.

Sasa mwezi huu tuyafungue, tuone ndani kuna nini.

Ngozi na kitanda

Pengine utashangaa kwa nini gazeti la mahusiano linahangaika na mafuta ya kupaka. Hebu nikueleze kisa cha mdogo wangu, ambaye ni mwalimu huko Njombe na amenipa ruhusa nikiseme, mradi nisimtaje jina.

Mdogo wangu alianza kuwashwa miguu mwaka wa pili wa ndoa yake. Kuanzia magotini kwenda chini, ngozi ilikauka ikafanya mistari kama tope lililokauka bwawani. Mchana anavumilia, yuko darasani. Usiku ndiyo taabu, akishapata joto la blanketi anaanza kujikuna, krr krr krr, mpaka saa nane. Aibu ikamshika. Akaanza kulala na suruali ya michezo na soksi ndefu. Mumewe akimgusa mguu, anautoa. Mara ya kwanza shemeji hakusema kitu. Mara ya kumi akanyamaza kwa namna nyingine, ile ya mwanaume anayehesabu.

Siku moja akanipigia simu akilia. "Dada, huyu anafikiri simtaki." Nikamuuliza umemwambia kama miguu inakuwasha? Kimya. Hakumwambia! Miezi minane mtu analala na soksi na hakusema kwa nini, na mwenzake naye hakuuliza.

Ndiyo maana nasema, wapendwa, ngozi kavu si suala la urembo peke yake. Mtu asiyelala vizuri hana subira na watoto wala na bosi. Mtu anayeona aibu na mwili wake hawezi kumpa mwenzake mwili huo kwa raha. Mdogo wangu alipata chupa ya mafuta haya kutoka kwa jirani yake, na kilichotokea baadaye nitakisema, kwa sababu kina mazuri na mabaya.

Ayurveda ni kitu gani?

Ayurveda ni tiba ya asili ya Bara Hindi, na jina lenyewe kwa Kisanskriti maana yake ni elimu ya maisha. Vitabu vyake vikuu, vinavyobeba majina ya Charaka na Sushruta, vina umri wa karibu miaka 2000. India hawaichukulii kama uganga wa vichochoroni. Kuna vyuo vyake, shahada yake inachukua miaka mitano na nusu pamoja na mazoezi, na tangu mwaka 2014 serikali ina wizara kamili inayoshughulikia tiba za asili. Jimbo la Kerala, kule kusini, ndilo linalosifika zaidi kwa mafuta. Kiwanda na hospitali maarufu cha Arya Vaidya Sala cha Kottakkal kilianzishwa huko mwaka 1902, na bado kinafanya kazi.

Katika Ayurveda mwili unaongozwa na nguvu tatu: vata ambayo ni ya upepo, ukavu na baridi, pitta ambayo ni ya moto, na kapha ambayo ni nzito na yenye majimaji. Ngozi iliyokauka ikapasuka wanasema vata imezidi, na dawa yake ni mafuta ya uvuguvugu, hasa ya ufuta. Ngozi nyekundu inayochoma wanasema pitta imezidi, hapo wanapendelea mafuta ya nazi kwa kuwa wanaamini yanapoza. Kujipaka na kujikanda mafuta kunaitwa abhyanga, na mwandishi wao wa kale aitwaye Vagbhata alishauri kufanywe kila siku, mkazo ukiwa kichwani, masikioni na kwenye nyayo.

Je, lazima uamini hizo nguvu tatu ili mafuta yakusaidie? Mimi siamini kwamba kuna upepo unaonizunguka mwilini, lakini kugawa ngozi kavu ya baridi na ngozi nyekundu ya moto naona ni macho mazuri ya watu waliotazama wagonjwa kwa muda mrefu. Daktari wa leo angegawa karibu hivyo hivyo, maneno tu ndiyo tofauti.

Na tusijifanye kama haya mambo ni mageni kwetu. Mwarobaini uliopo uani kwako asili yake ni Bara Hindi, ukafika pwani yetu tukaupa jina kwa kuamini unatibu magonjwa arobaini. Manjano na iliki za sokoni zimetoka njia hiyo hiyo ya bahari. Bibi harusi wa Unguja anayesuguliwa singo na kupakwa liwa ya msandali, yuko karibu sana na bibi harusi wa Gujarat anayepakwa manjano. Hata neno la Kisanskriti la mafuta, taila, linatokana na tila, yaani ufuta. Kwa hiyo ukiona kwenye chupa neno "tailam", mara nyingi mafuta ya msingi ni ya ufuta, na ukiona "keram" ni ya nazi. Likariri hilo, litakusaidia dukani.

Yanavyopikwa

Watu wengi wanadhani ni majani yaliyolowekwa kwenye mafuta basi. Hapana. Kipimo cha kawaida cha vitabu vyao ni sehemu 1 ya mitishamba iliyosagwa ikawa kama ujiuji mzito, sehemu 4 za mafuta, na sehemu 16 za maji yaliyochemshiwa mizizi au magome. Vyote vinawekwa kwenye sufuria moja juu ya moto mdogo, vinakorogwa na kukorogwa, mpaka maji yote yaishe. Wakati mwingine kazi hiyo inakwenda siku mbili tatu.

Unajuaje yameiva? Wanachukua ule ujiuji, wanausokota vidoleni mpaka unakuwa kama utambi, wanautia motoni. Ukilia tatatata bado una maji. Ukiungua kimya, mafuta yako tayari. Napenda sana kipimo hiki, kwa sababu maji yakibaki mafuta huoza mapema na kuota ukungu. Na hii ndiyo sababu sikushauri kulowesha majani mabichi ya mwarobaini kwenye chupa ya mafuta nyumbani halafu ukapake kwenye ngozi iliyochanika.

Majina utakayokutana nayo ni mengi, nitataja matatu tu. Nalpamaradi yana magome ya miti minne ya jamii ya mkuyu pamoja na manjano, na wengi huyatumia kwa ngozi yenye mabaka na muwasho. Eladi jina lake linatokana na iliki, nayo huwa kwenye mafuta ya nazi. Kumkumadi ni ya zafarani, ya uso, ghali kuliko yote, na ndiyo yanayouzwa kwa ahadi ya kung'arisha. Kwa ngozi kavu inayowasha hiyo ya tatu iache dukani. Zafarani ni ghali mno, na chupa ya bei ya chee inayodai kujaa zafarani inajisemea yenyewe.

Ngozi yako inafanya nini na mafuta

Safu ya juu ya ngozi ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zilizokufa, na udongo unaoyashikisha ni mafuta ya asili ya mwili. Ukuta ukiwa mzima, maji yanabaki ndani na vumbi, sabuni na vijidudu vinabaki nje. Baridi kavu, kiyoyozi cha ofisini, maji ya moto sana, dodoki na sabuni kali vinaung'oa ule udongo. Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, kipimo chake ni karibu 5, wakati sabuni nyingi za mche zinafika 9 mpaka 10. Ukuta ukitoboka maji yanavuja, ngozi inavutika na kuanza kuwasha. Ukijikuna unatoboa zaidi, kesho inawasha zaidi.

Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi! Hapa ndipo wengi tunapopotea. Mafuta yanafunika maji yaliyopo yasitoke, na yanalainisha zile kingo za magamba. Ukipaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa, umefunika ukavu. Ukipaka kwenye ngozi yenye unyevu, umefungia unyevu.

Na mafuta hayafanani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwapaka watu wazima 19 mafuta ya zeituni na ya alizeti mikononi. Ya zeituni yaliudhoofisha ule ukuta, na kwa baadhi yao yalileta wekundu. Ya alizeti hayakuuharibu. Sababu kubwa ni asidi iitwayo oleiki, ambayo imejaa kwenye zeituni, wakati alizeti ina nyingi ya linoleiki ambayo ngozi inaihitaji kujijenga. Ufuta uko katikati, asidi hizo mbili zinakaribiana. Mafuta ya haradali, ambayo familia nyingi za India na Bangladesh huwapaka watoto, nayo yaliharibu ngozi kwenye majaribio ya panya.

Vipi nazi? Mwaka 2004 huko Ufilipino walichukua watu 34 wenye ngozi kavu ya miguu, nusu wakapaka mafuta ya nazi na nusu mafuta safi yanayotokana na petroli, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Wote walipata nafuu, na hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Fikiria hapo: mafuta ya nazi ya kukamua yalikwenda sambamba na ya kiwandani, lakini pia ya kiwandani hayakushindwa. Kwa hiyo shosti, yule anayekwambia mafuta ya mgando ni sumu na ya kwake ndiyo dawa, anatafuta biashara.

Mitishamba yenyewe nayo ina uzito gani? Manjano na mwarobaini zimechunguzwa sana maabara, na zina vitu vinavyopunguza uvimbe na kuua baadhi ya vijidudu. Lakini maabara si mguu wa mtu. Maoni yangu ni kwamba kazi kubwa kwenye ile chupa inafanywa na mafuta ya msingi pamoja na mkono wako unaokanda kila siku bila kuruka. Mitishamba inaongeza kidogo, na harufu inakufanya uendelee. Hilo la mwisho usilidharau, dawa inayopakwa ni ile unayoipenda.

Kupaka kwenyewe

Kwanza, jaribu. Paka tone dogo ndani ya kiwiko, mahali pale pale, asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku moja haitoshi kwa sababu mzio wa ngozi huchukua siku kadhaa kujitokeza. Mwenye mzio wa ufuta asiguse tailam. Na kumbuka chupa moja inaweza kuwa na mitishamba ishirini, kwa hiyo ukidhurika hutajua ni upi uliokudhuru.

Halafu oga maji ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi, si zaidi. Sabuni weka kwapani, sehemu za siri kwa nje na kwenye nyayo, miguu na mikono haina haja ya povu kila siku. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo, usisugue, uache ngozi ikiwa na unyevunyevu. Ndani ya dakika tatu paka. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha miguu miwili, ukiona yanachuruzika umezidisha. Kanda kwa urefu kwenye mifupa mirefu na kwa mduara kwenye magoti na viwiko. Kama ngozi imekauka sana, tangulia na losheni nyepesi yenye gliserini, kisha mafuta juu yake. Gliserini inavuta maji na mafuta yanaziba.

Wahindi wenyewe mara nyingi hufanya kinyume, wanapaka kwanza, wanakaa nusu saa, ndiyo wanaoga, na badala ya sabuni wanatumia unga wa dengu kuondoa mafuta ya ziada. Nimejaribu njia hii Jumapili nikiwa na muda na ni raha kwelikweli, ila bafu linateleza kama barafu! Weka mkeka wa mpira, na usimruhusu mama mkwe aingie kabla hujasafisha.

Kwa walio nyanda za juu: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hayajaharibika. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, usiitie kwenye maikrowevu wala juu ya jiko. Ya ufuta hayagandi, ndiyo maana Makete nakushauri tailam kuliko keram.

Na kama pesa ni tatizo, mafuta safi ya alizeti ya kukamua au ya ufuta wa Lindi na Mtwara, bila mtishamba wowote, yatakufanyia sehemu kubwa ya kazi hii kwa bei ndogo sana. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali moja ya watoto Dhaka, Bangladesh, ambapo watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache ya damu, asilimia 41 pungufu ya wasiopakwa. Ilikuwa ni mafuta ya mbegu, basi. Ila hao walikuwa mikononi mwa madaktari, usiende kumpaka kichanga wako mafuta ya jikoni bila kuuliza.

Hapa naomba unisikilize vizuri

Sasa narudi kwa mdogo wangu. Wiki tatu za kwanza mambo yalikuwa mazuri. Ukavu ukapungua, ile mistari ikafifia, soksi zikavuliwa. Lakini nyuma ya magoti na juu ya kifundo kimoja kulikuwa na mabaka yaliyokuwa mekundu na yanatoa maji. Kila akipaka, yanachoma. Jirani akamwambia vumilia, sumu inatoka.

Jamani! Hakuna sumu inayotoka. Ngozi inayochoma inakuambia niache. Nilimsihi aende hospitali, na huko akaambiwa ana pumu ya ngozi, na yale mabaka yalikuwa yameshaingia bakteria kwa sababu ya kujikuna. Akapewa dawa ya kupaka yenye steroidi kwa wiki mbili pamoja na ya kuua bakteria, kisha aendelee na mafuta mepesi yasiyo na harufu. Mabaka yakafunga. Leo anapaka mafuta ya ufuta matupu. Ile chupa ya mitishamba anaitumia miguuni tu, mahali ambapo hapajachanika.

Kwa hiyo usipake mafuta haya kwenye ngozi inayotoa maji, yenye usaha au kidonda. Usipake kichwani ukidhani yataondoa mba, kwa sababu fangasi wa mba wanakula mafuta hayo hayo. Uso wenye chunusi uache pia. Kama nyumba nzima inajikuna usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele wa kuambukiza na mnatakiwa kutibiwa wote siku moja, mafuta hayatausogeza. Duara lenye kingo zilizoinuka ni mashilingi. Muwasho wa mwili mzima usio na vipele, unaodumu wiki sita na zaidi, unahitaji kipimo cha damu, maana figo, ini, tezi ya shingo na kisukari vinaweza kuanza hivyo. Mwenye kisukari akiwa na magaga yaliyopasuka asisubiri mafuta yafanye kazi, aonyeshe mguu hospitali.

Jambo la pili ni kilicho ndani ya chupa. Mwaka 2003 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walipima krimu 24 za mitishamba ambazo wazazi walikuwa wakiwapaka watoto wenye pumu ya ngozi, wakiamini ni za asili tupu. Krimu 20 zilikuwa na steroidi! Ndiyo maana zilikuwa zinaponya haraka. Mafuta ya kweli ya Ayurveda hufanya kazi taratibu, wiki mbili, wiki nne. Ukipaka kitu cha "mitishamba" usiku na asubuhi ngozi imekuwa laini na imeanza kuwa nyeupe, hapo ogopa. Na kama umekuwa ukipaka krimu ya aina hiyo kwa miezi mingi, usiiache ghafla kwa kuhamia kwenye mafuta, ngozi inaweza kulipuka vibaya. Mwone daktari akushushe polepole.

Kuhusu metali, utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda za kumeza zilizouzwa maduka ya Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au arseniki. Hizo ni za kumeza, si mafuta ya kupaka, lakini zinatufundisha kusoma lebo. Tafuta jina la mtengenezaji na anwani yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na orodha ya viungo. Kwa Tanzania, tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Chupa ya maji iliyojazwa upya na kuandikwa kwa kalamu ya wino, hata kama muuzaji ni shoga yako wa damu, mwambie asante.

Na mafuta ya mwarobaini yasimezwe, hasa na watoto. Yamewahi kusababisha degedege na vifo. Yafungie juu, pamoja na mafuta ya taa.

Ukihitaji daktari bingwa wa ngozi na huna mahali pa kuanzia, hospitali za rufaa zina kliniki hizo, na kule Moshi, KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichoanza mwaka 1992, ndicho kilichofundisha wataalamu wengi wa nchi mbalimbali za Afrika.

Wawili na chupa moja

Sasa tumalizie chumbani. Mdogo wangu alipomwambia mumewe ukweli, shemeji alikaa kimya kidogo, akauliza chupa iko wapi. Tangu hapo kazi ya miguu ni yake, kila usiku baada ya taarifa ya habari. Anaanza na nyayo, anapanda. Mdogo wangu anasema wamezungumza mambo mengi katika dakika hizo kumi kuliko mwaka mzima uliopita, kwa sababu mikono ya mtu ikiwa na mafuta hawezi kushika simu.

Ila kwa wanaotaka kufuata nyayo zao, mambo machache ya kiutu uzima. Mafuta yoyote, ya nazi, ya ufuta, ya mitishamba au ya mgando, yanaharibu kondomu za mpira wa kawaida, inaweza kupasuka ndani ya dakika chache. Kama mnatumia kondomu, mafuta yaishie kwenye mapaja, na mikono ioshwe kwa sabuni. Ndani ukeni yasifike kabisa, hata kama kwenye chupa wameandika ni ya asili, viungo kama iliki na mdalasini vinachoma huko. Mishumaa ya kimahaba iwe mbali, maana kitambaa kilichonywa mafuta kinashika moto haraka na hakizimiki kirahisi. Hilo linamhusu pia anayelala karibu na jiko la mkaa huko kwenye baridi, ambaye mkaa kwanza autoe nje kwa ajili ya hewa yake.

Na shuka? Tenga mbili za zamani za rangi nzito, ziwe za mafuta. Manjano hayatoki kirahisi kwenye nyeupe. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo kabla ya kufua, kisha anika juani, doa la manjano hufifia kwa jua kuliko kwa dawa ya madoa. Ukishaanika siku mbili na bado linaonekana, basi hiyo shuka imeshakuwa ya kazi hiyo.